Mwalimu, weka sumaku kwanza: viti vya Mark II ndani ya Land Rover 110

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mpwapwa. Nina Land Rover 110 ya mwaka 1986, nilinunua mnadani ikiwa nzima injini lakini imechoka ndani. Kiti cha dereva kimebonyea mpaka nasikia chuma, na nikifika Mbande mgongo hautaki kunyooka. Kijana wa skrepa hapo Dodoma ana viti viwili vya mbele vya Toyota Mark II, vya kitambaa, vizuri kwa macho, anataka laki moja na nusu kwa vyote viwili. Fundi wa kuchomelea ameniambia nusu siku tu atakuwa ameshavichomelea juu ya boksi la viti. Nivichukue?"

Shikamoo Mwalimu. Tafadhali usitoe hiyo laki na nusu kwa sasa. Ukikutana tena na huyo fundi wa kuchomelea, chukua sumaku yoyote, hata ile ya spika mbovu ya redio, iweke kwenye ubavu wa boksi la viti la gari lako, lile sanduku ambalo viti vya mbele vinakaa juu yake. Itaanguka. Boksi hilo ni bati la aluminiamu, na chuma cha miguu ya kiti hakichomeleki kwenye aluminiamu kwa mashine yake ya fimbo. Atakachofanya ni kutoboa matundu kwa moto, kisha atatafuta namna ya kuficha. Nimeshapokea gari la namna hiyo hapa Kizota: boksi limeyeyuka pembeni, kiti kimeshikwa na waya wa kufungia nondo, na juu yake limetandikwa zulia zuri.

Watu wengi wakienda kununua kiti cha skrepa wanaangalia kitambaa. Kitambaa ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha, na kwa vumbi letu la Dodoma utakibadilisha tu. Unachonunua hasa ni fremu na reli, vile vyuma ambavyo kiti huteleza juu yake mbele na nyuma, pamoja na namna vitakavyoshikana na gari. Kuna Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 17 inayohusu viti vya magari. Inataka kiti na vishikio vyake vivumilie gari kusimama ghafla kwa nguvu mara 20 ya ile ya mvutano wa dunia. Kwa hesabu ya gulio la Kibaigwa ni hivi: kiti kitupu cha kilo 20 kinavuta bolti zake kama magunia manne ya mahindi ya kilo mia mia. Hapo bado hujakaa wewe. Sasa fikiria magunia manne yamefungwa kwenye bati jembamba kwa bolti nne na wosha zenye ukubwa wa shilingi mia. Bati halikatiki mahali pengine, linachanika kuizunguka wosha, na kiti kinang'oka kizima na mtu wake.

Viti vya Mark II ni vizuri ndani ya Mark II, gari la chini ambalo dereva wake ananyoosha miguu mbele. Sakafu yake haiko sawa: upande mmoja kuna mgongo wa katikati ya gari, upande mwingine kuna kizingiti cha mlango. Ndiyo maana ukikiweka kiti chake chini pale kwenye skrepa utaona miguu yake haifanani, kimelala kama mbuzi aliyevunjika mguu. Wewe kwenye 110 unakaa juu ya boksi, miguu inashuka, magoti yamepinda, na usukani uko karibu. Ukiongeza kiti chenye reli na miguu yake, unaweza kupanda sentimita 8 au zaidi. Mapaja yatagusa usukani na kichwa kitaanza kusalimiana na paa kila shimo. Upana nao una kelele zake. Kiti cha gari dogo kina mbavu za pembeni za kukumbatia dereva, na hizo zitagombana na mlango upande mmoja na breki ya mkono upande wa pili. Breki ya mkono isiyovutika mpaka mwisho ni hatari kubwa kuliko kiti kibovu, hasa kwako unayepanda milima ya Kibakwe.

Halafu kuna mkanda. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000, ile klipu unayochomeka mkanda imefungwa kwenye fremu ya kiti chenyewe. Watengenezaji walijua reli na sakafu yao vinaweza kubeba mzigo huo. Kwenye gari lako klipu inashikwa na mwili wa gari. Ukihamisha kiti cha Mark II pamoja na klipu yake, umeuhamisha mzigo wa mwili wako kwenda kwenye zile bolti nne. Mtu wa kilo 70 kwa kipimo kile kile ni magunia 14, na sehemu yake kubwa itapita hapo. Kwa hiyo, hata ukiweka kiti cha gari gani, mkanda na klipu vibaki kwenye vishikio vya Land Rover. Vikiwa vimechakaa, badilisha mkanda wenyewe, vishikio usiviguse. Bolti ya mkanda mara nyingi ni ya inchi 7/16 yenye meno membamba, karibu sawa kwa macho na milimita 11 au 12. Usikubali mtu akulazimishie ya milimita kwa sababu ndiyo aliyonayo mfukoni. Itaingia mizunguko miwili, itaonekana imekaza, kumbe imekula meno.

Jambo jingine wauza skrepa hawalisemi kwa kuwa wengi hawalijui. Angalia mshono wa pembeni wa egemeo upande wa mlango. Ukiona kilebo kimeandikwa AIRBAG, au chini ya kiti kuna waya wenye plagi ya njano, ndani ya kiti hicho kuna baruti. Baadhi ya viti vya kwetu vya mtumba kutoka Japani vinazo. Usikipime waya wake kwa taa ya kupimia umeme, usikikate kwa grenda, na usikichomelee kitu chochote karibu. Mimi kiti cha namna hiyo sikichukui kwa gari la zamani hata nikipewa bure.

Sasa nikueleze kuhusu betri, Mwalimu, na hapa naomba unisikilize kuliko kote. Kwenye 110 yako betri iko ndani ya boksi, chini ya kiti cha kushoto, kile cha abiria. Miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi kijana, nilimwekea mteja mmoja kiti cha abiria cha gari dogo juu ya boksi hilo. Kiti kilikuwa kizuri, kina wavu wa springi chini. Nilikaa mimi mwenyewe kukijaribu, kilo zangu 58 za wakati ule, nikaona nafasi ipo. Mteja akaondoka kwenda Mtera na shemeji yake, mtu mwenye mwili. Kwenye shimo la kwanza kubwa springi zilishuka zikakutana na vichwa vya betri, chanya na hasi kwa pamoja. Waya wa springi uliwaka mwekundu ndani ya sekunde, sponji ikashika. Walitoka wazima kwa sababu dereva alisimama papo hapo na shemeji alikuwa karibu na mlango. Sponji ya kiti ikiungua inatoa moshi wenye sumu kali, na ndani ya gari lililofungwa vioo kwa ajili ya vumbi huna muda wa kufikiri. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo hakuna kiti kinachotoka kwangu kikiwa juu ya betri bila mfuniko mgumu usiopitisha umeme, bamba la mpira mnene au ubao uliofungwa usicheze, na bila nafasi ya vidole vinne kati ya betri na sehemu ya chini kabisa ya kiti wakati mtu mzito amekaa. Fuse kubwa karibu na betri nayo ni pesa ndogo. Na kiti cha upande huo lazima kitoke kirahisi, maana siku betri ikichemka porini hutatafuta spana nne ndipo uifikie.

Upande wa kulia, fungua kifuniko uone kilichomo. Land Rover za Series, yaani zile za kabla ya 110, na zile fupi za 90 za miaka hiyo zina tangi la mafuta chini ya kiti cha kulia. 110 nyingi tangi lao liko nyuma, lakini gari la mnadani limepita mikono mingi, hivyo macho yako ndiyo ushahidi. Ukikuta tangi, hakuna keekee wala grenda hapo mpaka litoke.

Sasa ningefanya nini kama ningekuwa wewe? Ningeanza na kiti ulichonacho. Kiti cha 110 ni kitu rahisi ajabu: mto, egemeo, fremu na reli. Mara nyingi kilichokufa ni sponji na kile kilicho chini yake kinachoibeba. Toa mto, ugeuze. Kama fremu ya chuma haijakatika wala kuliwa na kutu, umeshaokoa kazi yote ya vipimo, bolti, urefu na mkanda, kwa kuwa kila kitu kimekaa pale kilipotengenezewa kukaa. Jaribu pia kubadilishana mto wa dereva na wa abiria. Kwenye gari la zamani mto wa dereva unakufa kwanza kwenye ukingo wa mlangoni, pale unapopandia kila siku, wakati wa abiria bado una nguvu. Hiyo ni tiba ya wiki moja, lakini ni ya bure, na itakuonyesha kama mgongo unaumwa kwa sababu ya kiti au kwa sababu nyingine.

Sponji ndiyo inayowashinda watu. Fundi wa makochi atakupa sponji laini ya godoro, utaikalia dukani utafurahi, na baada ya miezi mitatu uko kwenye chuma tena. Nenda na kipimo. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, unene 10, kiweke kwenye mizani ya muuza nyama. Kikiwa na kilo 1, hiyo sponji ina kilo 40 kwa mita moja ya ujazo. Chini ya hapo usiichukue kwa kiti cha dereva, na ukipata nzito zaidi ni bora. Chini kabisa weka tabaka la ile sponji ngumu ya vipande vilivyogandamizwa, ya rangi mchanganyiko, kama sentimita 4, kisha ile ya kwanza juu yake. Kama mpira au springi za chini zimelegea, suka mikanda ya kusukia makochi, mistari mitano kwa mitano, imevutwa kwa nguvu. Kimo cha jumla kisizidi kile cha mto wa abiria usiochakaa. Pima huo, usipime wa kwako, kwa sababu wewe umekuwa ukikaa chini ya kipimo halali kwa miaka.

Utashangaa nikikuambia kiti kisiwe laini. Uti wa mgongo wa mtu aliyekaa unatikisika vibaya zaidi kwenye mtetemo wa mara 4 mpaka 8 kwa sekunde, na kiti laini sana huuongeza mtetemo wa kiwango hicho badala ya kuupunguza. Kwenye barabara ya mawimbi ya vumbi mtu hujisikia vizuri nusu saa ya kwanza, kisha kiuno kinaanza kulalamika. Kwa hiyo kabla ya kukilaumu kiti peke yake, angalia shokapu na upepo wa matairi. 110 iliyojazwa upepo kama lori, haina mzigo nyuma, na shokapu zake zimekufa, itakuumiza hata ukiketi kwenye kochi la ikulu.

Kwa kufunikia, achana na mahameli. Vumbi letu la Mei mpaka Novemba linaingia kwenye nyuzi zake na halitoki, ukipiga kofi kiti unapata wingu. Ngozi ya viti (leza) nayo inachoma mapaja mchana na ile ya bei ndogo inapasuka kwa jua ndani ya mwaka. Turubai la pamba, lile nene la mahema, ndilo ninalolipenda kwa gari la kazi. Linapumua, linashonwa upya kirahisi, na unaweza kulitoa kulifua. Waambie washone kwa uzi wa nailoni mnene na waache tundu dogo la wavu chini ya mto ili hewa itoke unapokaa, la sivyo mishono itafumuka.

Ikitokea fremu yako imekufa kabisa, hapo tutafute kiti kingine, na cha kwanza kutafuta ni cha ukoo wa gari lako. Land Rover ilianza kuliita gari hili Defender mwaka 1990, lakini viti vya Defender za kabla ya 2007 kwa kawaida vinakaa kwenye boksi la aina ya kwako bila kuunda kitu. Magari yaliyokatwa kwa ajili ya vipuri yapo Gerezani kule Dar es Salaam, na mara nyingine kwenye yadi za hapa Dodoma, hasa baada ya minada ya magari ya mashirika na misheni. Omba kiti cha abiria. Kitambaa kikiwa kimeoza usijali, wewe tazama fremu. Viti vya Discovery ya kwanza, ile ya 1989 mpaka 1998, vinapendwa pia na ni vizuri kwa mgongo, ila vinahitaji kupunguzwa urefu na kutengenezewa fremu ya chini, kazi ya mtu anayejua.

Ukifika kwa muuzaji, kiti kikae kwenye sakafu tambarare. Kivute mbele na nyuma. Reli mbili lazima zikamate kwa pamoja, mlio mmoja. Ukisikia wa kushoto kisha wa kulia, reli moja imepinda au waya unaoziunganisha umelegea, na siku ya breki ya ghafla upande mmoja utashika peke yake. Simama nyuma, shika kichwa cha egemeo, litikise. Likicheza zaidi ya sentimita moja, meno ya kulazia yameliwa. Kisha kigeuze, uniamini hapa, weka pua kwenye sponji. Harufu ya tope au ukungu, na mchanga mkavu ndani ya reli, vinasema kiti kilikaa majini, na kutu imeanza mahali usipopaona. Angalia pia kama fremu ina rangi iliyopasuka karibu na bawaba: hapo gari liligongwa kwa nyuma na mtu alikuwa amekaa. Hicho kiache, hata kama ni kipya kwa macho. Na dai risiti yenye namba ya gari kilikotoka. Viti huibwa, na ukikamatwa navyo maelezo ni yako.

Kuhusu kukifunga, kama matundu hayalingani, hutoboi boksi ovyo. Unatengeneza fremu ya chuma cha engo cha milimita 40 kwa 40, unene 4, inayofungwa kwenye matundu ya asili ya Land Rover, kisha kiti kinafungwa kwenye fremu hiyo. Kuchomelea kote kunafanyika nje ya gari, mezani. Pale ambapo lazima utoboe tundu jipya, chini ya bati weka bamba la chuma unene milimita 3, upana sentimita 8 kwa 5. Hicho siyo kipimo changu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kwa magari ya mashindano zinataka sentimita za mraba 40 kwa kila bolti ya kishikio cha kiti, na nimeona hakuna sababu ya gari la Mpwapwa kuwa na pungufu ya lile la mashindano, kwa sababu barabara ni zile zile. Bolti ziwe na namba 8.8 kichwani. Isiyo na namba ni ya geti. Nati ziwe na nailoni ndani. Kati ya chuma na aluminiamu paka rangi na weka kipande cha mpira mwembamba, maana vitu hivi viwili vikikutana na maji ya kuoshea gari vinalana, utaona unga mweupe, na unga huo ndio boksi lako linavyoisha.

Nikupe agizo la mwisho, Mwalimu. Ukishakalia kiti, kipya au kilichofufuliwa, usikimbilie Dodoma. Nenda Gulwe na kurudi. Ukifika nyumbani zima gari, kaa, vuta breki ya mkono mpaka juu, kanyaga klachi mpaka chini, geuza usukani kulia na kushoto, na mwambie mjukuu aangalie chini ya kiti cha kushoto wakati mtu mzito anarukaruka juu yake. Halafu shika spana, kaza bolti zote nne upya. Zile nilizokaza mimi mwenyewe huwa zinakubali robo mzunguko siku hiyo ya kwanza. Kama fremu yako ya sasa ni nzima, niletee huo mto pamoja na vipimo vya mto wa abiria, urefu, upana na kimo, viandikwe kwenye karatasi. Viti vya Mark II mwachie kijana wa skrepa, atampata mwenye Mark II.